Dawa ya kulainisha kwa tenki ya gari ya zamani: pima valvu kwanza ndio ununue chupa

Jamaa zangu wenye magari ya zamani huniuliza hii swali karibu kila wiki, ati niweke dawa gani kwa mafuta ndio injini idumu, na mimi huwajibu na swali lingine, injini yako ni gani na valvu ulipima lini mara ya mwisho? Wengine hukasirika juu walitaka niwatajie jina la chupa waende Grogan, ule mtaa wa spea hapa Nairobi, wanunue waishe. Lakini hizi dawa ziko za aina nyingi na kila moja inajaribu kurudisha kitu fulani ambacho mafuta yalikuwa nayo zamani na sai hayana. Kama injini yako haikuwahi kutegemea hicho kitu basi unamwaga pesa kwa tenki, na kama ilikitegemea na wewe hujui, unaendesha ikijila polepole mpaka siku hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, inatolewa.

Wacha nianze na petroli. Mwaka wa 1921 kule Marekani kwa maabara ya General Motors, Thomas Midgley aligundua ukiongeza kemikali ya madini ya risasi kwa petroli injini inaacha kugonga. Alafu ikaonekana kuna faida nyingine, ile risasi ikiungua inaacha utando mwembamba kwa siti ya valvu ya ekzosi, yaani pale valvu ya kutoa moshi hukalia ikijifunga, na huo utando unazuia chuma ya valvu kushikana na chuma ya siti wakati ziko moto sana. Watengeneza magari wakazoea, wakawa wanachonga siti moja kwa moja kwa chuma ya hedi bila kuweka ringi ngumu, juu petroli yenyewe ilikuwa inafanya hiyo kazi ya kulinda. Shida ni kwamba risasi ni sumu na inaharibu ubongo wa watoto, kwa hivyo ikaondolewa, na kampeni ya dunia nzima iliongozwa kutoka hapa hapa kwetu Gigiri, Nairobi, na lile shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Kenya tuliingia 2006 tukiwa na petroli isiyo na risasi pamoja na nchi zingine za Afrika kusini mwa Sahara, na nchi ya mwisho kabisa duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mimi nashukuru sana iliondoka, kuna mtu aliwahi kunishauri nitafute mafuta ya ndege ndogo pale uwanja wa Wilson juu hiyo bado ina risasi, nilikataa na nakuomba na wewe ukatae, hiyo moshi unaipulizia watoto wako na wa jirani.

Sasa ni magari gani yaliumia? Hapa watu wengi hukosea. Sio kila gari ya zamani. Chukua sumaku ndogo uende nayo kwa injini, bandika kwa hedi yenyewe, sio kwa kava ya juu. Kama sumaku haishiki hiyo hedi ni ya alumini, na alumini haiwezi kuwa siti ya valvu, lazima waliweka ringi za chuma nyingine, na mara nyingi hizo ringi ni ngumu ya kutosha. Hapo ndipo utapata Datsun 1200, Toyota zenye injini za K, Volkswagen Beetle, Peugeot 504. Hao wenye magari kama hayo kwa kawaida hawana haja ya dawa ya kuchukua nafasi ya risasi. Isitoshe Japani walianza kuuza petroli isiyo na risasi tangu miaka ya 70, kwa hivyo gari zao za kuanzia miaka ya 80 zilikuja tayari. Sumaku ikishika, hedi ni ya chuma, na hapo inabidi uchunguze zaidi juu kuna zingine siti zilichomwa kiwandani zikawa ngumu na kuna zingine hazikuguswa. Morris Minor, Mini, na Ford kadhaa za wakati huo ziko kwa hiyo orodha ya kuogopea.

Marehemu baba aliacha Morris Minor na hiyo ndiyo ilinifunza hii mambo yote. Hedi ilikuwa imefunguliwa, valvu zikasagwa, siti zikachongwa upya, na hakuna mtu aliniambia kwamba kuchonga siti kunatoa ule utando wa risasi wa miaka mingi uliokuwa umebaki hapo. Nikafunga tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya mkia wa valvu na mkono unaoisukuma, kwa kipimo chake, inchi 0.012, hiyo ni kama milimita 0.30. Nikaendesha mtaani karibu miezi minne, Buruburu mpaka town na kurudi, nikapima tena, hakuna kitu imebadilika. Nikafurahi. Alafu tukaenda Nakuru kwa harusi, watu wanne na mizigo, kurudi tukapanda ile escarpment gia ya pili na ya tatu injini ikilia njia yote. Kupima wiki iliyofuata valvu moja ya ekzosi ilikuwa imebaki na 0.20. Safari moja! Ndio nikaelewa kinachokula siti ni kazi nzito ya muda mrefu, moto mwingi na mizunguko mingi, sio umri wa gari. Mtu anayetoa gari Jumapili kwenda kanisa kwa mwendo wa pole anaweza kaa miaka bila dawa yoyote, na mtu anayepanda mlima wa Kinungi kila wikendi akiwa amejaza gari anahitaji kujilinda.

Kwa hivyo kupima ndio hatua ya kwanza, na sio ngumu. Injini iwe baridi kabisa, mimi hupima asubuhi kabla haijawashwa. Fungua kava ya tapeti, nunua fila geji nzuri, zile bamba nyembamba za kupima nafasi, na kwa injini ya silinda nne yenye valvu nane kama ya Morris kuna ujanja wa tisa: zungusha injini mpaka valvu namba 8 ifunguke kabisa, hapo pima namba 1, ikifunguka 7 pima 2, 6 pima 3, kila mara jumla ni tisa. Kwa Morris ekzosi ni 1, 4, 5 na 8, hizo ndizo za kuangalia kwa makini. Andika kila namba kwa kitabu pamoja na kilomita za gari. Usiandike kwa karatasi utaitupa, andika kwa kitabu. Endesha kama kilomita 1,500 hivi alafu pima tena kabla hujarekebisha chochote. Nafasi ikiwa inazidi kupungua kwa ekzosi na za inteki, zile za kuingiza hewa na mafuta, zimekaa vile vile, siti inaliwa, juu valvu ikizama kwa hedi mkia wake unapanda juu na kumaliza ile nafasi. Ikiisha kabisa valvu haifungi tena, moto unapita pembeni yake, unaanza kusikia gari inamisi ikiwa moto na ikikataa kuwaka, na wakati huo valvu yenyewe imeshaungua. Kuna makanika wengi wakiona nafasi imepungua wanaifungua tu wanarudisha kava bila kukwambia. Mwambie fundi wako akuonyeshe namba kabla hajagusa.

Ukishajua siti inaliwa ndio unatafuta chupa, na unatafuta ile imeandikwa wazi inachukua nafasi ya risasi, sio ile ya kusafisha injekta na sio ile ya kuongeza nguvu. Ndani yake utapata kiungo kimoja kati ya sodiamu, potasiamu, fosforasi au manganizi. Chagua moja ukae nayo. Usibadilishe badilishe, leo ya potasiamu kesho ya fosforasi, juu zikichanganyika kwa siti hazilindi vile inatakiwa. Kama unataka kubadilisha, acha tenki iishe karibu kabisa na ndio uingize nyingine.

Kununua: Kirinyaga Road, ile wengi wetu bado tunaiita Grogan, kila duka lina rafu ya chupa zinazong'aa. Nenda kwa duka ambalo litakupa risiti, angalia sili ya mfuniko haijaguswa, angalia kama chupa imeandikwa kiasi cha kuweka kwa lita ngapi. Chupa ambayo haisemi kipimo mimi siinunui hata kama muuzaji ananiapia. Na kama lebo inaahidi kila kitu, itaziba moshi, itapunguza mafuta nusu, itaamsha injini iliyokufa, rudisha kwa rafu. Hakuna mafuta ya kulainisha yanayoweza kurudisha chuma iliyoisha.

Kupima kwa kuweka, hapa ndio watu huharibu. Kwanza jua tenki yako inabeba lita ngapi, ya Morris haifiki 30, pickup nyingi ni kama mara mbili ya hiyo. Alafu jua unaweka lita ngapi leo, juu dawa inafuata mafuta unayoweka, haifuati ukubwa wa tenki. Ukiweka ya elfu mbili weka dawa ya hizo lita peke yake. Nenda chemist ununue sirinji ya mililita 50 au 60, iandike kwa maka kwamba ni ya gari, isirudi jikoni kamwe. Mfano chupa ikisema moja kwa 1,000, lita 20 inataka mililita 20, basi. Weka dawa kwanza alafu ndio mhudumu wa stesheni aweke mafuta, ile nguvu ya mafuta kuingia inachanganya yenyewe. Ukimwaga dawa juu ya tenki iliyojaa inaweza kaa pale pale na kuingia kwa kabureta ikiwa nzito.

Na tafadhali, usiweke dawa kwa chupa ya soda ati ndio ubebe vizuri. Watoto hawajui. Iache kwa chupa yake, ifungie.

Kuna aina nyingine ya dawa ya petroli, hii ni mafuta mepesi ya kulainisha juu ya silinda, yaani ringi ya kwanza ya pistoni, mikia ya valvu, sehemu ambazo oili ya injini hufika kidogo. Watu wa zamani waliipenda sana. Maoni yangu ni kwamba inasaidia kwa hali chache, gari imekaa miezi bila kuwashwa na valvu zimeanza kushika kwa bushi zake, au injini ya kabureta imetoka tu kufunguliwa na unataka kuianza kwa upole. Hapo weka kipimo cha chupa kwa tenki moja au mbili. Lakini haifanyi kazi ya risasi, hizi ni vitu viwili tofauti kabisa na nimeona watu wakiweka hii wakifikiri wanalinda siti, kumbe siti inaendelea kuliwa. Na gari yako ikitoa moshi wa bluu, ujue tayari oili inapanda juu ya pistoni yenyewe bila kualikwa, kuongeza nyingine ni kuchafua plagi tu.

Ukizidisha hayo mafuta mepesi unapata shida nyingine, oktani, yaani uwezo wa petroli kuzuia kugonga, inashuka. Oili kwa petroli inafanya iungue vibaya na injini kugonga. Hapa Nairobi unaweza kosa kuligundua juu tuko juu sana, karibu mita 1,800 kutoka baharini, hewa ni nyepesi, silinda haijazi vizuri, kwa hivyo injini haidai oktani nyingi. Teremka na hiyo gari Mombasa, hewa inakuwa nzito, na ukifika Mariakani unaanza kusikia kama mtu anatikisa misumari kwa mkebe. Kama unapanga kushuka pwani, maliza mafuta yenye dawa nyingi hapa juu kwanza, na umuulize fundi aangalie timing.

Sasa dizeli, na hapa nitakaa kidogo juu pickup za kazi hapa mjini ni nyingi na pampu ni ghali. Hii ni hadithi tofauti. Tarehe 1 Januari 2015 Kenya na majirani wetu wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm, hiyo ni miligramu 50 kwa kila kilo, kabla ya hapo ilikuwa 500. Hewa ikafaidi. Lakini ile njia ya kutoa salfa kwa kutumia haidrojeni inatoa pia vitu vingine vidogo ambavyo ndivyo vilikuwa vinang'ang'ania chuma na kuilainisha. Salfa yenyewe haikuwa inalainisha, watu husema hivyo lakini sivyo. Ndio maana wenye mafuta huongeza kilainishi kabla dizeli haijafika kwako, na kuna kipimo chake, tufe dogo la chuma linasuguliwa kwa bamba ndani ya dizeli ya joto la nyuzi 60 kwa dakika 75 alafu wanapima kovu. Sheria ya Ulaya inataka kovu lisizidi maikroni 460.

Nani anategemea hii? Angalia pampu yako. Hilux za 2L na 3L, Isuzu za 4JA1, Land Cruiser ya 1HZ, hizi zina pampu ya kuzunguka ambayo kila kitu ndani yake kinalainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili inayoingia. Lori nyingi za zamani na Mercedes za dizeli za miaka ya 70 na 80 zina pampu ya mstari ambayo chini yake inalainishwa na oili ya injini, hizo zinavumilia zaidi. Kama hujui yako ni gani, pampu ya mstari ni ndefu na paipu zimetoka juu zimejipanga kama wanafunzi paredi, ya kuzunguka ni fupi na paipu zimetoka nyuma kwa duara.

Mwenye pampu ya kuzunguka, na iwe imezeeka, mimi namwambia kilainishi cha dizeli ni pesa nzuri, lakini kile kimeandikwa ni cha kulainisha na kina kipimo cha lita. Kuna ushauri umeenea wa kuweka oili ya tuktuk au pikipiki, ile 2T, mililita 200 kwa lita 40. Nilifanya hivyo zamani, injini ikawa na sauti ya upole na nikaamini. Lakini sauti ya upole sio ushahidi pampu haiumii. Kitu kikiteleza kwa vidole vyako haimaanishi kitateleza kwa chuma mbili zilizobanana, kwa pampu kinachosaidia ni molekuli inayoshika chuma, unene hausaidii sana. Siku hizi nanunua kilainishi chenyewe. Na gari ya dizeli ya kisasa zenye reli ya presha kubwa na ile filta ya masizi kwa ekzosi, 2T isikaribie hata kidogo, majivu yake yanaziba filta. Oili chafu iliyotolewa kwa servisi ndio usiseme, nimeona nozo zikitolewa zimekuwa nyeusi kama makaa juu mtu alitaka kuokoa mafuta.

Pampu ikiwa inavuja pale kwa shafti ya mkono wa mafuta, dawa haitaziba. Zile sili za zamani zilisinyaa dizeli ilipobadilika, na dawa yake ni kufungua pampu kwa fundi wa pampu, sio makanika wa kawaida, na kuweka sili mpya za mpira unaovumilia.

Adui mkubwa wa hizo pampu hapa kwetu ni mafuta taa. Mafuta taa ni mepesi na makavu, ikichanganywa na dizeli ule ulaini wote unaisha. Hii tabia ilikuwa imezidi mpaka Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ndio kuchanganya kusiwe na faida. Kwa hivyo kabla ya dawa yoyote, nunua kwa stesheni inayouza sana, ambapo mafuta hayakai, na ukiona bei iko chini sana kuliko ile EPRA, mamlaka ya kawi, hutangaza tarehe 14, jiulize. Ukishuku umewekewa mbaya, weka kilainishi kipimo kamili tenki hiyo na filta mpya.

Filta, karibu nisahau. Tenki ya gari ya zamani ina kutu na uchafu wa miaka. Dawa zenye sabuni ndani zinaubandua wote mara moja. Beba filta ya mafuta ya ziada na spana yake kwa gari wakati wa tenki mbili za kwanza, mimi niliwahi zimikiwa Waiyaki Way saa moja jioni na mvua, na filta ya bei ndogo ndio ilikuwa shida yote.

Na nyinyi wenye Toyota za D4 za miaka ya 2000, hizo petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti nyuma ya valvu za inteki, kwa hivyo dawa yoyote ya tenki haiwezi kuosha ule mkaa wa valvu za inteki hata umwage chupa kumi. Pia gari yoyote yenye kataliti, ile ya kusafisha moshi kwa ekzosi, na sensa ya oksijeni, usiiwekee dawa ya kuchukua nafasi ya risasi, inaziharibu na siti zake ni ngumu tayari.

Turudi kwa Morris. Nilitumia dawa ya fosforasi karibu miaka miwili, nikipima kila kilomita 1,500, na ule ulaji ukapungua sana, ila haukuisha kabisa, na kila safari ndefu ilikuwa wasiwasi. Mwishowe nilipeleka hedi kwa karakana ya kuchonga pale Industrial Area, wakatoboa siti za ekzosi nne wakaingiza ringi ngumu na valvu mpya za ekzosi. Ukifanya hivyo hakikisha wanakwambia ringi ni za chuma gani na umeona kabla hazijaingia. Tangu hapo naweka petroli ya kawaida peke yake, tumeshaenda Nakuru mara tatu tukiwa tumejaza, na kwa kitabu ile ekzosi bado imeandikwa 0.30.